Katambuga, ngozi na gharama ya kazi safi Simiyu

Mfugaji wa Meatu akichagua kiatu, kitu cha kwanza anachokifikiria ni mwiba. Kutoka Mwanhuzi kuelekea Ziwa Eyasi nchi imejaa migunga, na mwiba wa mgunga haujali ndala ya plastiki. Masika yakiingia, udongo mweusi wa mbuga hunata unyayoni mpaka mguu unakuwa mzigo. Kiatu cha huko lazima kizuie mwiba, kisiteleze, kikauke upesi, na kikikatika kamba fundi yeyote wa mnadani aweze kukipigilia msumari mwenye haraka zake akaondoka. Katambuga, kandambili ya tairi, imeifanya kazi hiyo miaka mingi kwa bei anayoimudu mchungaji. Malighafi yake ni tairi ambalo mwenye gari amekwisha kulitupa.

Simiyu ni mkoa wa ng'ombe. Pesa ya pamba ya Msukuma, tangu enzi za ukoloni, imekuwa ikiishia zizini. Lakini ngozi za ng'ombe hao husafirishwa zikiwa ghafi au huoza nyuma ya machinjio, huku wenye ng'ombe wakitembelea mpira uliotoka ng'ambo. Ukifuatilia historia ya viatu katika nchi hii, kutoka Bariadi hadi Morogoro, utaona sababu yake.

Kabla ya magari, waliosafiri mbali walivaa ngozi. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara iliyoteremka pwani, na kiatu cha safari kilikuwa kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichokatwa kwa kufuata unyayo, kikafungwa kwa kamba za ngozi. Ngozi isiyotiwa dawa ina tabia ngumu: ikilowa hulegea, ikikauka hukakamaa na kumkata mvaaji kisigino. Kwa hiyo tairi lilipofika halikuwa na mpinzani wa kutisha. Lilikuja na malori ya pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kila msimu malori yalizunguka vijijini yakibeba pamba kwenda kwenye viwanda vya kuchambulia. Palipo na malori pana matairi yaliyokwisha.

Ufundi wa katambuga unastahili heshima kuliko unayopewa. Fundi huanza kwa kulichagua tairi. La nyuzi za nailoni hukatika kwa kisu kilichonolewa vizuri na kuchovywa kwenye maji ili kisikwame kwenye mpira. La waya za chuma hula kisu, na ncha za waya zikibaki humchoma mvaaji baada ya wiki chache. Kadiri magari yanavyozidi kutumia matairi ya waya, fundi anahangaika zaidi kupata tairi linalofaa. Soli hukatwa kwenye kashata za tairi, kamba hutoka ubavuni au kwenye tyubu, na misumari midogo hupigiliwa kwa pembe ili isitoboke juu. Mkunjo wa asili wa tairi ndio unaokipa kiatu umbo: kisigino na vidole huinuka kidogo, na mguu hutulia katikati. Kina kasoro zake. Ni kizito, jua kali hukipasha moto, na vijana wanaojifunza kazi hii hujikata mikono kwa sababu hakuna anayewapa glovu. Lakini kwa upande wa taka hesabu yake ni safi, maana tairi ambalo lingechomwa na kutoa moshi mweusi linatembea miaka kadhaa zaidi.

Serikali nayo ilikuwa na ndoto yake ya viatu. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, kampuni ya Bata ilikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ilichukua hisa nyingi, na baadaye viatu vyake vikajulikana kwa jina la Bora. Vikajengwa viwanda vya kusindika ngozi Moshi, Morogoro na Mwanza. Kisha, kwa fedha za Benki ya Dunia, kikajengwa kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na njia za kupitisha hewa, katika mji wenye joto wa Morogoro. Vipuri vilikosekana, mashine zilisimama, uzalishaji haukuvuka asilimia 4 ya uwezo, na mwaka 1990 kikafungwa.

Mimi naona kosa kubwa la Morogoro lilikuwa kumfikiria mnunuzi wa Ulaya kabla ya mvaaji wa hapa na kabla ya ngozi yenyewe. Hakuna aliyempa mchunaji wa kijijini sababu ya kuichuna ngozi bila kuitoboa. Kiwanda kilijengwa kuanzia kwenye paa.

Miaka hiyohiyo, baada ya vita vya Kagera, maduka yalikuwa tupu. Sabuni ilikuwa ya foleni, nguo ya foleni, viatu havionekani. Katambuga ikawavusha watu wengi, wakiwemo wa mjini ambao awali waliiona ni ya wachungaji tu. Mwaka 1984 serikali ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji, bidhaa zikarudi na mitumba ikafuata kwa wingi. Kiatu cha ngozi kilichovaliwa London, kikasafishwa na kupakwa rangi, kikawa nafuu kuliko kipya cha Dar es Salaam na mara nyingi kikadumu zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, nafuu za ushuru za AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na Afrika, zikawa hatarini, na Tanzania ikarudi nyuma pamoja na wenzake. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo.

Ughaibuni kuna wanaolipa sana kwa ajili ya kutembea kwa raha. Mwaka 1996 Mswisi Karl Müller alianzisha viatu vya MBT, kifupi cha Masai Barefoot Technology, vyenye soli nene iliyopinda, akitumia jina la Wamasai kama ushahidi wa mwendo mzuri. Viliuzwa kwa bei kubwa kabla ya kampuni iliyovitengeneza kuanguka mwaka 2012. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Ethiopia. Katikati ya miaka ya 2000 Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha soleRebels katika kitongoji cha Zenabwork, Addis Ababa, akitumia soli za tairi na vitambaa vya pamba vilivyofumwa kwa mkono. Alisisitiza malipo mazuri kwa mafundi wake, akapata ithibati ya shirika la biashara ya haki duniani, na akauza nje kwa njia ya intaneti. Mnunuzi wa mbali alikubali kulipia kazi safi kwa sababu iliwekwa wazi kwenye bei. Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, una pamba, una matairi na una mafundi.

Ngozi ina ugumu wake. Kuisindika kwa kromu huchukua siku chache, lakini sehemu ya kromu haiingii kwenye ngozi; hutoka na maji machafu, na maji hayo ni mengi, makumi ya lita kwa kila kilo. Mto Simiyu unamwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na watu hunywa na kuvua humo. Kiwanda kisicho na mabwawa ya kusafisha maji kitapata faida kwa kumbebesha mvuvi wa Busega gharama yake. Ipo njia ya mimea: magome ya miwati, ambayo kampuni ya TANWAT ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949, imekuwa ikiyasindika na kuyauza nje. Njia hiyo huchukua wiki badala ya siku, na muda ni fedha iliyolala. Huo ndio mzani halisi wa biashara hii, na asiyeuzungumzia hajasema lolote kuhusu kiwanda cha ngozi.

Simiyu ilitangazwa mkoa mwaka 2012, na baadaye ikajijengea jina kwa kaulimbiu ya Wilaya Moja, Bidhaa Moja, Kiwanda Kimoja. Maswa wakatengeneza chaki, Meatu wakasindika maziwa. Ngozi ilibaki nyuma, na sehemu ya sababu inaonekana ubavuni mwa ng'ombe. Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 ilitekelezwa kwa chapa ya moto, hasa katika zoezi kubwa la mwaka 2017. Lengo lilikuwa jema, kuzuia wizi na kujua idadi, lakini kovu la chapa halifutiki hata ngozi ikisindikwa na fundi hodari. Ukiongeza makovu ya kupe, mikwaruzo ya miiba na matundu ya kisu, ngozi iliyopaswa kuwa kiatu inafaa mkanda tu.

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani humu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na utambuzi wenyewe ni kwa hereni. Ilizungumzwa kama habari ya afya ya mifugo na soko la nyama. Kwa mtu wa viatu ni habari ya ngozi: ng'ombe mwenye hereni hahitaji kuchomwa ubavu. Mwanza, safari ya saa chache kupitia Lamadi, kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) inayofundisha teknolojia ya ngozi. Kilichobaki kiko machinjioni. Mchunaji kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya ng'ombe, kwa hiyo anakimbiza kisu. Mnunuzi akipanga bei ya ngozi kwa daraja, na halmashauri za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zikaweka utaratibu wa nyongeza ya daraja la kwanza kugawanywa kati ya mfugaji na mchunaji siku hiyohiyo, palepale penye chumvi na fremu za kuwambia, ngozi isiyo na tundu itakuwa na mwenyewe wa kuilinda tangu ng'ombe akiwa hai.