Gari la zamani likichemka likakataa kuwaka tena

Foleni ya feri Likoni, saa nane mchana, ndiyo inayoyaumbua magari yetu ya zamani. Likichemka, lizime, fungua boneti, ungoje kama nusu saa. Mfuniko wa rejeta usiuguse ungali moto. Na mshale wa joto ukishuka ghafla usifurahi: maji yakiisha, kipimo hubaki kikavu na kuonyesha baridi.

Likishapoa, mimi husikiliza stata. Ikizungusha kawaida na gari ni la kabureta, huenda petroli iligeuka mvuke. Litawaka, ila tafuta kilicholichemsha: feni haizunguki, thamostati imekwama au mpira wa maji umepasuka.

Ikizungusha mbio, nyepesi kuliko desturi, hapo naogopa gasketi ya hedi. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Stata ikigonga mara moja ikakwama, ilhali betri ni nzima, usilazimishe hata ukipigiwa honi. Huenda silinda ina maji, na maji hayabanwi. Utapinda konrodi, na gasketi iwe hasara ya injini nzima. Livutwe hadi gereji, fundi achomoe plagi zote kwanza, ndipo azungushe.