Utepe wa Mtakatifu Audrey

Waingereza wana kivumishi, tawdry, wanachokitupia pambo la bei chee linalojidai ni la thamani: hereni za bati zilizopakwa rangi ya dhahabu, ukumbi wa harusi uliosheheni maua ya plastiki na taa za kumetameta. Ni neno la dharau. Ajabu ni kwamba ndani yake amelala malkia wa karne ya 7 aliyekuwa mtawa.

Aliitwa Æthelthryth, binti wa Anna, mfalme wa Anglia Mashariki (naam, Anna alikuwa mwanamume). Aliolewa mara mbili, tena na wakubwa, lakini Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anashikilia kwamba alikufa bikira. Mume wa pili, Mfalme Ecgfrith wa Northumbria, hatimaye alikubali kumwachia aende utawani. Mwaka 673 malkia huyo akaanzisha monasteri huko Ely, kisiwa kilichozungukwa na vinamasi vyenye mikunga tele, akaacha kitani na kuvaa sufu.

Mwaka 679 uvimbe mkubwa ulimtokea chini ya taya. Tabibu Cynefrith akaupasua. Siku mbili mgonjwa akapata nafuu, ya tatu akafa. Kwa masimulizi ya Bede, mwenyewe aliupokea uvimbe ule kwa furaha: usichanani shingo yake ilikuwa imebeba mikufu ya anasa, na sasa ilikuwa inalipa deni. Miaka 16 baadaye kaburi lilifukuliwa, na Cynefrith akashuhudia kwamba kidonda alichokiacha wazi kilikuwa kimefunga, limebaki kovu jembamba.

Ndimi za raia hazikuliweza jina lile refu, likasagika hadi likawa Audrey. Kwenye gulio la Ely, karibu na sikukuu yake ya 17 Oktoba, wachuuzi waliuza tepe za hariri za kuvaa shingoni. Mwanamke aliyeona mikufu ndiyo iliyomponza akawa jina la kuuzia mapambo ya shingo! Biashara haikuona ubaya wowote.

Utepe wa Saint Audrey ulipotamkwa harakaharaka, ile t ya mwisho wa Saint ilihamia kwa jirani: tawdry. Waswahili wasicheke. Kitab cha Waarabu kilipofika pwani, ki- yake ilidhaniwa kiambishi, vikazaliwa vitabu. Na madigadi ya gari yamechumwa kwenye neno moja tu la Kiingereza, mudguard.

Mwaka 1579 mshairi Spenser alikuwa bado anautaja utepe huo kama pambo zuri. Katika The Winter's Tale ya Shakespeare, Mopsa, msichana wa shamba, anamdai mpenzi wake utepe aliomwahidi. Hapo ndipo neno lilipoponzwa, kwa maoni ya mwandishi huyu: si kwa ubaya wa hariri, bali kwa sababu waliovaa walikuwa akina Mopsa. Ziara la mtakatifu lilikwishavunjwa mwaka 1541, wakati wa Henry VIII. Kufikia miaka ya 1670, tawdry ilikuwa tusi kwa kila kinachong'aa bila thamani.

Audrey lenyewe halikuchafuka, wazazi wanaendelea kuwapa mabinti. Filamu ya Breakfast at Tiffany's, ya 1961, inaanza na Audrey Hepburn akiwa mbele ya dirisha la sonara jijini New York, gauni jeusi, na shingoni lulu safu juu ya safu.