Walimu wa Ypsilanti na pasi ya mbele

Msomaji aliyezoea kandanda asichanganyikiwe: mpira tunaouzungumzia una umbo la yai, hubebwa mikononi, na mwaka 1905 ulikuwa ukiua. Gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 katika msimu huo mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakubwa wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton. Picha za vyuo hivyo ndizo zilizojaa magazetini, lakini wengi wa waliokufa walikuwa vijana wa sekondari, waliofundishwa mchezo na mwalimu yeyote aliyejitolea.

Ndiyo maana natazama Ypsilanti, mji mdogo wa Michigan, si Harvard. Pale kulikuwa na Michigan State Normal College, chuo cha ualimu kilichofungua milango mwaka 1852. Neno hilo “Normal” lina asili ya Kifaransa. Shule za kuandaa walimu ziliitwa hivyo kwa kuwa ndizo zilizoweka kigezo cha ufundishaji. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake, hivyo kocha hakuwa na wanaume tele wa kuchagua.

Vuli ya 1906 kocha alikuwa mgeni, Henry Schulte. Alikuwa ametoka kucheza chini ya Fielding Yost katika Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko mji jirani wa Ann Arbor, katika timu iliyowapondaponda wapinzani kwa miaka mitano hadi Chicago ilipoibwaga 2–0 mwishoni mwa 1905. Sasa alikabidhiwa walimu watarajiwa, pamoja na kitabu cha sheria kilichoandikwa upya baada ya vifo vile, ambacho hakuna kocha aliyewahi kukifundisha.

Zamani timu ilihitaji kusogea yadi 5 katika majaribio matatu. Njia nyepesi ilikuwa kujirundika, kushikana mikono na kumkanyaga aliye mbele. Sasa yadi zikawa 10, na ikaruhusiwa pasi ya mbele. Watunga sheria waliiruhusu shingo upande, kwa maoni yangu. Mrushaji alipaswa kwanza kusogea yadi 5 kushoto au kulia kwa mahali mpira ulipoanzia, ndiyo maana uwanja ulichorwa mistari ya kukatizana, ukafanana na ubao wa drafti. Mpira ukianguka chini bila kuguswa na mtu, wapinzani waliuchukua palepale uliporushiwa. Hebu fikiria kijana ameshika mpira mnene kama tikiti, vidole haviuzunguki, wakimbizaji wanamjia, naye anajua akikosea anawapa wenzake kazi ya kulinda lango. Wengi walichagua kukimbia nao tu.

Schulte alikaa hadi 1908. Wachezaji wake hawakusubiriwa na ligi ya kulipwa. Walisubiriwa na madarasa. Mhitimu alipopangiwa shule, mara nyingi alikabidhiwa chaki na timu kwa pamoja, na somo lake la mpira lilikuwa lile alilolipata Ypsilanti.

Tatizo ni kwamba somo lenyewe halikutulia. Mwaka 1910 mchezo uligawanywa robo nne. Mwaka 1912 majaribio yakawa manne na bao la kuvuka mstari likapanda kutoka pointi 5 hadi 6. Kila msimu mwalimu alilazimika kununua upya kijitabu cha sheria cha kampuni ya Spalding, senti 10, na kuwaambia wanafunzi wake wasahau ya mwaka jana.