HMS Centaur: Manowari ya Kubeba Ndege na Chimbuko la JWTZ

HMS Centaur ilikuwa manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, iliyoshushwa majini mjini Belfast mwaka 1947 na kuanza kazi mwaka 1953. Ilisanifiwa kwa ndege za Vita Kuu ya Pili. Ujio wa jeti, zilizo nzito na zenye kasi zaidi, ulilazimisha mabadiliko. Njia ya kutua iliwekwa mshazari, ili ndege iliyokosa kutua iruke tena bila kugonga zilizoegeshwa mbele. Baadaye ilifungwa mitambo ya mvuke ya kurushia ndege.

Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito (sasa Lugalo), Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali iliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya Januari 25, helikopta ziliruka kutoka Centaur na kushusha makomando waliodhibiti kambi hiyo.

Kwa taifa lililopata uhuru mwaka 1961, kuokolewa na jeshi la mtawala wa jana kulikuwa fedheha. Tanganyika Rifles ilivunjwa, na Septemba 1, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.