Zawadi Ndogo kwa Wakati Wake: Habari za Watu Waliofundisha Ndege

Sote twajua ya kuwa mnyama wa miguu minne aweza kushurutishwa kazi. Punda hupigwa akaenda, na ng'ombe hufungwa nira akalima. Sisemi kwamba ni vema, bali yawezekana. Lakini ndege je? Ndege akiisha kuachwa mkononi hana kamba wala ukuta. Akipenda kurudi atarudi, na asipopenda hakuna fimbo iwezayo kumfikia huko juu.

Kwa hiyo habari za watu waliofundisha ndege ni habari za watu waliolazimika kuiweka fimbo chini na kutafuta njia nyingine. Katika kuitafuta waligundua jambo limfaalo kila mwenye kulea na kufundisha. Nitalieleza kwa habari za nyakati mbalimbali: za Kaisari mmoja wa Ulaya, za njiwa na kuku huko Marekani, na za kasuku wa misitu ya Afrika.

Kaisari na kozi wake

Kozi ni ndege mla nyama, mwenye mbio nyingi sana angani. Tangu zamani watu wa Asia, Uarabuni na Ulaya walimfundisha ili awawindie ndege wengine na sungura. Katika nchi za Ghuba kazi hiyo ingaliko hata leo, na mwaka 2010 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Mmoja katika walioiandika elimu hiyo kwa bidii nyingi alikuwa Kaisari Friedrich wa Pili, aliyezaliwa Italia mwaka 1194 akafa mwaka 1250. Katikati ya vita na mashauri ya ufalme alitunga kwa Kilatini kitabu kikubwa cha kuwinda kwa ndege. Naye hakuwa mtu wa kukubali maneno ya wazee bila kuyapima. Watu walisema ya kuwa tumbusi hugundua mzoga kwa harufu. Kaisari akafumba macho ya tumbusi, akaona ya kuwa asipoiona nyama haitambui, ingawa ipo karibu. Tena aliwaita wafugaji wa kozi kutoka Uarabuni, akaagiza kitabu chao kigeuzwe kwa Kilatini. Kwao alijifunza matumizi ya kofia ndogo ya ngozi ya kufunika macho ya kozi, ili asitishwe na kila akionacho.

Kozi aliyekamatwa mwituni humwogopa mtu kupita kiasi. Siku zile walimshona kope kwa uzi na kumweka gizani mpaka atulie. Jambo hilo halikuwa la upole, wala hatuna haja ya kulisifu. Lakini yaliyofuata yalikuwa kazi ya saburi. Mwalimu alimchukua kozi juu ya mkono uliovikwa ngozi, akaenda naye huku na huku saa nyingi. Chakula chake alimlishia mkononi, na kila alipomlisha alimwimbia wimbo ule ule mfupi, hata kozi akajua kwamba wimbo huo maana yake ni nyama. Kisha macho yakafunguliwa kidogo kidogo. Baadaye akaachwa aruke akiwa na uzi mrefu mguuni, aufuate mkono wenye nyama. Mwisho uzi ukaondolewa. Siku hiyo ndiyo mtihani, si wa ndege tu, bali wa mwalimu pia. Ndege aliyeumizwa juu ya mkono wa mtu amejifunza neno moja tu, kwamba mkono ule ni adui, naye akifunguliwa huenda zake.

Katika kitabu chake Kaisari alieleza mtu wa kazi hiyo awe wa namna gani. Asiwe mvivu, asiwe mlevi, asiwe mlafi wala mzito wa usingizi, na zaidi ya hayo asiwe mwepesi wa hasira. Tazameni ajabu hii: mtawala aliyeamuru majeshi aliona ya kuwa kwa ndege mmoja amri haifai kitu, na kwamba tabia ya kutengenezwa kwanza ni ya mwalimu mwenyewe.

Njiwa katika kinu cha unga

Wafugaji wa kozi waliijua njia, lakini hawakuweza kueleza kwa nini njia hiyo hufaulu, wala kwa nini pengine hushindwa. Ikapita miaka mia saba. Ndipo mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake B. F. Skinner, akalichungua jambo hilo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Skinner na wenziwe walifanya kazi katika orofa ya juu ya kinu cha unga mjini Minneapolis. Walikuwa wakifundisha njiwa kudonoa picha juu ya kioo, wakitumaini kwamba madonoo hayo yataongoza kombora lifike shabaha yake. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1944, na hakuna njiwa aliyepelekwa vitani. Lakini mwaka 1943, siku moja walipokuwa wakingoja majibu ya wakubwa, waliamua kumfundisha njiwa mchezo: asukume mpira mdogo wa mti kwa mdomo, ili uviringike na kuangusha vijiti vilivyosimamishwa mbele.

Wakauweka mpira, wakashika chombo cha kumwagia punje, wakangoja njiwa aupige. Njiwa hakuupiga. Wakangoja hata wakachoka. Ndipo wakabadili shauri. Badala ya kungoja tendo zima, wakaazimia kulipa kila dalili ndogo ya kuliendea. Njiwa alipoutazama mpira tu, punje zikamwagwa papo hapo. Kisha wakalipa alipousogelea, kisha mdomo wake ulipougusa. Wao wenyewe wakastaajabu, maana kwa dakika chache tu mpira ulikuwa ukigonga kuta huku na huku, kana kwamba njiwa ni mchezaji hodari.

Kilichogeuka si njiwa wala punje. Kilichogeuka ni mwalimu. Kwanza aliudai ukamilifu ndipo alipe, akakosa vyote. Kisha alilipa mwanzo mdogo, nao mwanzo ukakua. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Walakini zawadi ilipasa kufika papo hapo. Ikichelewa kidogo tu, njiwa amekwisha fanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo lililipwalo.

Mwaka 1948 Skinner aliandika habari nyingine. Aliwapa njiwa wanane chakula kila baada ya muda ule ule, bila kujali walilokuwa wakilifanya. Sita kati yao wakazoea vitendo vya ajabu. Mmoja alizunguka-zunguka, mwingine alisukuma kichwa penye pembe ya kizimba, kana kwamba vitendo hivyo ndivyo viletavyo chakula. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya maana yake, lakini onyo lake kwa mlezi ni wazi: zawadi itolewayo ovyo haifundishi lile tulilolikusudia.

Kuku wa Arkansas

Miongoni mwa wanafunzi wa Skinner walikuwapo mtu na mkewe, Keller na Marian Breland. Hao waliacha masomo ya chuo wakaifanya elimu hii kuwa kazi yao. Walifundisha kuku kupiga kinanda na kucheza ngoma mbele ya wakulima, ili kutangaza chakula cha mifugo. Mwaka 1955 walifungua mahali pa maonyesho katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas. Fimbo haikuwa chombo chao. Walitumia kidude chenye mlio mfupi mkavu. Kuku alipofanya vema, mlio ulisikika mara hiyo, na punje zikafuata. Mlio ulimwambia, "Hilo ndilo." Hapo twaukumbuka wimbo wa wafugaji wa kozi, kwani kazi ya wimbo na kazi ya mlio ni jamaa.

Hata hivyo, mwaka 1961 Bwana na Bibi Breland waliandika kwa unyofu habari za mahali waliposhindwa. Walitaka kuku asimame juu ya ubao kimya, kwa muda wa sekunde kumi na mbili hivi, ndipo apewe chakula. Zaidi ya nusu ya kuku hawakuweza kutulia. Walianza kuparua kwa miguu, kama kila mmoja wetu alivyomwona kuku akiparua uani. Hakuna aliyewafundisha kuparua, wala hawakulipwa kwa kuparua, tena jasho lote hilo lilikuwa bure. Lakini kuku atazamiaye chakula huparua, ndivyo alivyoumbwa. Basi wakaacha kushindana naye, wakaifanya paruo ile kuwa ngoma ya maonyesho. Kwa hiyo waliongeza neno katika elimu ya mwalimu wao: zawadi ina nguvu nyingi, lakini haiondoi asili ya kiumbe. Yampasa mwalimu amjue mwanafunzi wake kabla ya kumdai.

Kasuku aliyejibu

Mwaka 1977 bibi mmoja mtaalamu, Irene Pepperberg, alinunua kasuku katika duka la ndege karibu na Chicago. Alikuwa wa jamii ya kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye kwao ni misitu ya Afrika, toka magharibi mpaka Kongo na Uganda. Akamwita Alex.

Njia yake ilikuwa hivi. Watu wawili walikaa mbele ya kasuku. Mmoja aliinua kitu akamwuliza mwenziwe jina lake. Mwenziwe akijibu sawa, hupewa kitu hicho; akikosea, hunyimwa. Kasuku aliona yote, akatamani naye kuingia katika mazungumzo. Na zawadi yake haikuwa punje za namna moja tu. Aliyetaja karatasi alipewa karatasi aitafune. Aliyetaja ufunguo alipewa ufunguo. Hivyo jina na kitu vilishikamana. Katika miaka thelathini Alex alijifunza majina ya vitu hamsini hivi, akatambua rangi saba na maumbo matano, na kuhesabu mpaka sita. Tena alijua kukataa, akasema asilotaka. Alikufa Septemba 2007, mwenye umri wa miaka 31.

Sifa za Alex ziliwafurahisha wengi, lakini zina upande wa huzuni. Kadiri watu walivyozidi kumpenda kasuku kwa ajili ya maneno yake, ndivyo alivyozidi kutegwa. Tangu miaka ya 1970, kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja walitolewa Afrika kwa biashara iliyoandikwa, mbali na wale waliokufa mitegoni na njiani bila kuhesabiwa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg chini ya mkataba wa CITES, yakakubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotegwa mwituni. Upole wa mwalimu nyumbani hauwezi kuyafuta maovu ya mtego msituni. Mtu akimlisha kasuku kwa mkono wake, huku hajali ametoka wapi, upole wake ni nusu.

Tena liko jambo ambalo halifai kufichwa. Punje huwa zawadi kwa sababu ndege ana njaa. Njiwa wa Skinner waliwekwa wakiwa wamepungua uzito wao wa kawaida, na mfugaji wa kozi naye huupima uzito wa ndege kwa uangalifu, kwani aliyeshiba sana harudi, na aliyekonda sana hawezi kuruka. Basi mtu aweza kuiacha fimbo akaitwaa njaa mahali pake, naye akajiita mpole. Ndiyo sababu wafunzi wengi wa kasuku siku hizi humpa ndege chakula chake chote, wakichagua katika chakula hicho kitu kimoja akipendacho sana, kama karanga, wakakiweka akiba kwa saa ya mafunzo tu.

Sasa na tujiangalie sisi wenyewe, wazazi na walimu. Mtoto aliyeandika herufi tatu sawa na saba vibaya, twamwonyesha zipi kwanza? Yule aliyechelewa kila siku, na leo amewahi, je, tumemwambia neno, au tumeona ya kuwa amefanya tu lililompasa? Mtoto si njiwa, ana akili na moyo kupita ndege wote, naye hustahili maneno na sababu, si punje. Lakini kama njiwa hakuweza kuupiga mpira mpaka mwalimu alipokubali kuulipa mtazamo wake wa kwanza, basi mwana wa mtu hastahili chini ya hapo. Na yule Kaisari angetukumbusha kwamba kabla ya kumchukua kozi mkononi, yatupasa kwanza kuiacha hasira mlangoni.