Ubahili wa Maneno

Nilipokuwa kijana, mtu wa Pongwe aliyetaka kupeleka habari ya msiba Dar es Salaam kwa haraka alikwenda posta, Tanga mjini, akapiga telegramu. Malipo yalikuwa kwa neno, basi kila mtu alijifunza ubahili. "Mama mgonjwa sana njoo." Aliyepokea alifahamu kwamba mama amekwisha kufa. Kwa hiyo hucheka kidogo nisikiapo kwamba ujumbe mfupi ni uvumbuzi wa vijana.

Mtandao wa Twitter, ulioanza Marekani mwaka 2006, uliurithi ubahili huo. Ujumbe wa simu ya mkononi ulichukua herufi 160. Wenyewe wakatenga 20 kwa jina la mwandishi, zikabaki 140. Mwaka 2017 wakaongeza hadi 280, na mwaka 2023 jina likageuzwa kuwa X.

Niliingia humo nikiwa bado mkutubi, na sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Kwa kutangaza, ulitufaa. Kitabu kipya kikifika niliandika mstari mmoja asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtu wa Muheza amekwisha kuuliza kama kipo. Tangazo letu la ubaoni lilisomwa na waliokwisha kufika mlangoni tu. Kweli, mlango huo mwingine haukuwa wetu: Oktoba 2020, siku za uchaguzi, ulizuiwa nchini, na Mei 2025 ukazuiwa tena.

Lakini kosa langu mimi halikutokana na serikali wala Wamarekani. Nilistaafu mwaka 2018. Jirani yangu, bibi ambaye baba yake aliletwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, alikuwa akinisimulia jioni maisha ya kambini: posho, kipande cha kazi, ngoma za Jumamosi. Badala ya kuandika daftarini, mimi, mtu wa vitabu, nikawa narusha vipande mtandaoni, kimoja kila usiku. Watu wakasifu. Nikajiona nahifadhi historia.

Usiku mmoja mtu alinitukana humo. Kwa hasira nikaifunga akaunti. Siku 30 zikapita bila kuirudia, na vyote vikafutika. Bibi alikuwa amekwisha kufariki.

Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza mwaka 2010 kwamba itatunza kila ujumbe wa hadharani wa mtandao ule. Mwisho wa mwaka 2017 ikaacha kupokea vyote, ikawa inachagua. Wakutubi wenzangu hawatashangaa, rafu hujaa. Visa vya bibi wa Pongwe hata hivyo vilikuja baadaye.

Sasa nina kauntabuku mezani. Nimekumbuka visa kumi na viwili. Cha siku baba yake aliposhuka garimoshi kimenitoka nusu: alisema mzee alishika kitu mkononi, alichokitunza mpaka kufa. Nimemwuliza binti yake. Naye hakijui.