Deki, Diski na Mipaka: Video ya Nyumbani katika Garissa

Historia ya video ya nyumbani mjini Garissa, na katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kwa jumla, haitenganiki na mwaka 1991, ambapo serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, wakimbizi wakamiminika kuvuka mpaka, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikaanza kujengwa kuuzunguka mji mdogo wa Dadaab. Miaka hiyohiyo, mtaani Eastleigh jijini Nairobi, nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuka soko la bidhaa za Dubai, na njia hiyo ya biashara ndiyo iliyoamua, kuliko kiwanda au sheria yoyote, ni mashine zipi zingefika ng'ambo ya Mto Tana.

Deki za VHS, mfumo ulioingia sokoni Japani mwaka 1976, zilikuwa na kasoro iliyorithiwa kutoka televisheni yenyewe. Kenya, kama Uingereza, ilifuata mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ilhali Marekani ilifuata NTSC, wenye mistari 525 na picha zipatazo 30. Hivyo kanda ya harusi iliyorekodiwa Minneapolis, ambako Wasomali wengi walihamia, ikitiwa katika deki ya PAL pekee ilitoa picha inayoruka au iliyopoteza rangi. Deki za mifumo yote, zilizouzwa kwa wingi katika nchi za Ghuba, ziliondoa taabu hiyo.

DVD, iliyozinduliwa Japani mwaka 1996, ilileta mpaka wa aina nyingine, nao uliwekwa kwa makusudi. Ili kudhibiti bei na tarehe za kutoa filamu, studio ziliigawa dunia katika kanda sita kuu na kuzipa namba, yaani alama iliyofichwa ndani ya diski ambayo mashine huisoma kabla ya kukubali kuicheza: Marekani ilikuwa 1, London na Dubai 2, Kenya 5. Ramani hiyo haikumfikiria kabisa mtu mwenye dada London, mjomba Minneapolis na muuzaji wake Dubai, wala haishangazi kwamba haikuheshimiwa, kwa kuwa mashine nyingi za bei nafuu zilifunguliwa kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti.

Kizuizi kigumu zaidi kilikuwa cha kifizikia. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780 na ya DVD 650, na rangi ya kemikali inayopakwa kwenye diski tupu za kurekodia, zile CD-R, huakisi wimbi la kwanza vizuri lakini la pili vibaya. Kwa hiyo mashine za awali za DVD zenye leza moja zilisoma CD ya kiwandani na kuikataa iliyochomwa nyumbani, na lawama ikaangukia diski isiyo na hatia. Baadaye mashine zilitiwa leza mbili, na baadhi zikaweza hata kusasishwa, maana yake kubadilishiwa programu ya ndani inayoziendesha, kwa kutumia diski iliyochomwa kwenye kompyuta.

Blu-ray, ya mwaka 2006, iligeuza usasishaji kuwa sharti, kwa sababu funguo za usimbaji, yaani namba za siri zinazofungua filamu, zilibadilishwa mara kwa mara, na mashine isiyosasishwa kwa intaneti au kwa kifaa cha kumbukumbu iliweza kukataa diski mpya. Hilo halikuufaa mji ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kwa jenereta za dizeli, na filamu zikahamia kwenye kadi za simu. Hata hivyo Blu-ray ilikuwa na kanda tatu tu, na katika ramani yake Garissa, Dubai na London zote ziliwekwa katika kanda moja, B.